Picha ya Ubongo na Kauli ya Mzee

Akili ya mtu ni kitu gani hata ipigwe picha? Swali hili lilinikabili Shumba, kaskazini ya Pemba, nyumbani kwa shangazi yangu ambaye umri wake umepita miaka 80. Alitaka kumpa mjukuu wake, msichana amwogeshaye na kumlisha, mikarafuu 6 kwa njia ya hiba. Wanawe walikataa. Walisema mama yao amekwisha kupotewa na akili, kwani husahau siku, na mjukuu huyo humwita kwa jina la mtu mwingine. Mmoja wao alishauri apelekwe akapigwe picha ya ubongo, mashine ikate shauri. Kwa kuwa mimi huitwa daktari, ingawa udaktari wangu ni wa lugha, waliniuliza rai yangu.

Mashine yenyewe si ngeni. Wajawazito huijua kwa jina la altrasaundi. Ile ya kichwani hupeleka mawimbi ya sauti kupitia mfupa mwembamba wa panja, ikapima mwendo wa damu katika mishipa ya ubongo. Njia hiyo ilionyeshwa na Rune Aaslid na wenziwe mwaka 1982. Haina mionzi, tena yabebeka hata kijijini. Mwendo wa damu ukiwa mzito na mishipa imekakamaa, tabibu hupata dalili moja ya kuongeza juu ya nyingine, na yamkini akatibu shinikizo la damu kabla madhara hayajazidi. Faida hiyo siibezi. Walakini mfupa wa panja la wazee wengi, hasa wanawake, huzuia mawimbi yasipenye. Basi wale tunaotaka sana kuwajua aghalabu ndio ambao mashine haiwaoni.

Lakini tuseme imepenya. Wako wazee wenye mishipa mibovu na fikira timamu, na wako wenye mishipa mizuri wasiomjua mwana wao. Wataalamu waliofanya uchunguzi wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, walikuta watu wapatao 6 katika kila 100 wa miaka 70 na zaidi wana ugonjwa huu wa kusahau. Waliujua kwa kuongea na wazee na jamaa zao, si kwa kutazama damu. Baadaye ulitungwa mtihani wa kuwafaa hata wasiojua kusoma: kukumbuka maneno 10, kupanga vijiti vya kiberiti. Hata huo haukutungwa kuamua nani apewe mikarafuu.

Kwa hiba, naona la kuulizwa ni jingine: je, anajua atoacho, ampaye, na wanaobaki? Mtu aweza kusahau Jumatatu akalijua hilo. Niliwaambia binamu zangu hivyo, wakanuna. Na nikiri kwamba kama mashine ingalikuwa upande wangu, labda ningaliisifu kuliko wao.

Nilimwuliza shangazi siku tatu mbalimbali. Kila siku aliutaja mkarafuu wa kisimani, na mitano ya bondeni, na sababu: "Huyu ndiye anigeuzaye usiku." Siku ya tatu aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia baba yangu, nduguye. Akauliza hajambo, nikamwambia alikwisha kufa, akalia kama aliyepata habari hiyo saa ile. Kisha akajifuta macho, akauliza kama msichana amekwisha kabidhiwa mikarafuu yake.