Je, Mwenye Shangingi Anayahitaji Magurudumu Yote Manne?

Mjomba wangu anaishi Ntinda, jijini Kampala, na ofisi yake iko Nakasero. Kutoka lango la nyumba yake mpaka lango la ofisi kuna lami mwanzo hadi mwisho. Lami hiyo ina mashimo, sikatai, lakini ni lami. Njia hiyo huipita kila siku akiwa peke yake katika Land Cruiser kubwa, gari ambalo injini yake husukuma magurudumu yote manne, si mawili tu kama ilivyo kwa magari mengi. Mimi nimeishi kwake tangu mwaka wangu wa kwanza wa masomo, na karo yangu huilipa yeye. Kwa hiyo siandiki insha hii kwa wivu wa mtembea kwa miguu. Swali langu lilinijia nikiwa nimekaa kwenye kiti cha ngozi cha gari hilo hilo, nikifurahia kiyoyozi: je, mwenye gari kama hili anaihitaji kweli nguvu ya magurudumu manne? Na kama haihitaji, ana kosa gani?

Sisi tunaojifunza Kiswahili tuna desturi ya kuanza na neno. Watanzania huliita gari la namna hii shangingi, na neno hilo hilo hutumika kwa mwanamke wa mjini apendaye anasa na kujionyesha. Kabla ya hapo Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuwapa watu wa Mercedes-Benz jina lao, Wabenzi, kana kwamba ni kabila. Tazama basi: lugha haikulipa gari hili jina linalohusu tope, mlima au mto. Ililipa jina linalohusu kuonekana. Lakini jina si hoja, na mzaha wa mtaani unaweza kuwaonea watu. Tuangalie kazi yenyewe ya kitu hiki.

Nguvu ya magurudumu manne ina kazi moja kubwa: kulitoa gari pale ambapo matairi yamekosa mshiko, kama vile kwenye tope, mchanga au mteremko wa udongo uliolowa. Magurudumu mawili yakizunguka bure, mawili mengine huendelea kusukuma. Haisaidii kusimama, kwa kuwa kila gari lina breki kwenye magurudumu yote manne. Wala si dawa ya mashimo. Anayeyapita mashimo ya Kampala kwa raha anasaidiwa na springi, shokapu, matairi manene na tumbo la gari lililo juu. Hata maji ya mvua yanapofurika Bwaise, kinachomwokoa dereva kwanza ni kimo cha gari lake. Na katika yale magari ambayo dereva huunganisha mwenyewe magurudumu ya mbele, mafundi humwonya asifanye hivyo kwenye lami kavu, kwa sababu gari linapokata kona magurudumu ya mbele na ya nyuma hayaendi umbali ulio sawa, na vyuma vya ndani huumia.

Ushahidi mwingine uko barabarani. Toyota Harrier inapendwa sana Kampala kwa umbo lake la gari la porini. Harrier hutengenezwa kwa namna mbili, za magurudumu manne na za mawili. Wenye zile za magurudumu mawili hupanda Kololo na kushuka bila kukwama. Basi kwa safari za mjini jibu ni fupi: hawaihitaji.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Land Rover ilipotolewa Uingereza mwaka 1948 ilikuwa chombo cha wakulima, na bodi yake ilitengenezwa kwa alumini kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa adimu. Range Rover ya kwanza, ya mwaka 1970, ilikuwa na ndani ambamo unaweza kuosha kwa mpira wa maji baada ya kutoka shambani. Jaribu leo kuingiza mpira wa maji katika gari la mjomba! Chombo kilichoundwa ili kichafuke sasa kinalindwa kisichafuke.

Wapo watakaonipinga, na hoja yao yenye nguvu ni hii: gari hununuliwa kwa ajili ya siku ya shida, si kwa ajili ya siku za kawaida. Mtu hanunui mwavuli siku ya mvua. Mjomba huenda kijijini Krismasi na kwenye mazishi, na kijiji chetu kiko Kigezi, juu ya Ziwa Bunyonyi, ambako barabara baada ya kuiacha lami ni udongo unaoteleza kama sabuni. Hoja hii hutumiwa hata kwa fedha za umma. Mwaka 2021 kila mbunge wa Bunge la 11 la Uganda alipewa shilingi milioni 200 za kununulia gari, na miongoni mwa waliotetea malipo ya namna hiyo kuna wanaotaja barabara mbovu za majimboni. Hoja hii niliiamini. Iliacha kunitosha usiku mmoja wa Desemba.

Tulikuwa kijijini kwa sikukuu, na mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa. Usiku mkwe wa jirani yetu alishikwa na uchungu wa kuzaa. Wanaume wawili wakaja kugonga. Mjomba hakusita, alitoka na funguo mkononi hata kabla hawajamaliza kueleza. Mama yule akalazwa kwenye kile kiti cha ngozi, tukaanza kushuka kuelekea kituo cha afya. Kwenye kona ya pili gari lilianza kuteleza kwa ubavu kuelekea ukingoni, likasimama kwa bahati. Karibu na gia kulikuwa na kitufe cha kuzungusha kilichoandikwa H4 na L4. Mjomba akaniuliza, "Hiki ni cha nini?" Nikafungua kabati la mbele nikatoa kitabu cha maelekezo. Kilikuwa cha Kijapani chote, kwa maana gari lilikuwa limetumika Japani kabla ya kufika kwetu. Akajaribu kukizungusha, taa ikamwekamweka, gari likakataa. Baadaye fundi mmoja wa Kabale alitueleza kwamba gari lazima lisimame kabisa na gia iwe huru, na kwamba kwa matairi yale laini ya mjini tusingefika mbali hata hivyo.

Wanaume hawakungoja. Kwetu kila kijiji kina chama cha engozi, yaani machela ya kusuka inayobebwa mabegani. Kila kaya huchangia, na anayekosa kubeba zamu yake hutozwa faini. Walileta engozi, wakampokea mama yule kutoka kwenye kiti cha ngozi, wakashuka naye kwenye giza huku wakipokezana. Sisi tulifuata nyuma kwa miguu tukiwamulikia kwa simu. Mtoto alizaliwa kabla ya mapambazuko, na mama alipona. Asubuhi mjomba alilitazama gari lake pale konani, akasema, "Mwanangu, miaka minne nimelipia kitu nisichokijua."

Tangu siku hiyo swali langu limebadilika. Zamani niliuliza kama mjomba anaihitaji nguvu ya magurudumu manne, kana kwamba haja ni kitu kinachokaa ndani ya mwenye gari. Lakini haja ile ilikuwepo, na ilikuwa kubwa kuliko gari lenyewe. Haikuwa yake tu. Ilikuwa ya mama aliyelala kwenye kiti cha nyuma. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, husema wahenga. Hapa mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu mwenye shibe anatoa njaa ya mwenzake kama sababu ya kununulia chakula chake mwenyewe. Ubovu wa barabara ya Kigezi ndio unaotajwa, na gari linaendeshwa Nakasero.

Kwa hiyo nasema hivi. Anayesema "nimelinunua kwa sababu napenda" amesema kweli, na deni lake ni dogo: asiwarushie watu matope, na akumbuke kwamba mbele ya boneti refu namna ile mtoto mdogo haonekani. Lakini anayesema "nalihitaji kwa sababu ya barabara mbovu" amejifunga. Ameshatumia shida ya watu fulani kama sababu, na sasa watu hao wana dai juu ya gari lake. Anawajibika kujua linavyofanya kazi, kuliweka tayari, na kufungua mlango shida inapobisha hodi. Mjomba alikuwa na moyo wa kufungua mlango. Alichokosa ni utayari, na usiku ule moyo bila utayari haukumfikisha mama hata kona ya tatu.

Kwa gari la umma deni ni kubwa zaidi. Kila gari la kiongozi lililonunuliwa kwa sababu ya barabara mbovu ni ungamo lililoandikwa kwamba barabara ni mbovu. Ubaya wake ni kwamba kadiri springi zinavyokuwa laini, ndivyo shimo linavyopungua kwa yule mwenye uwezo wa kuliziba. Nchini Kenya, katika bajeti ya mwaka 2009, serikali iliamuru mawaziri waache magari makubwa na kutumia yenye injini isiyozidi 1800 cc, wakaletewa Volkswagen Passat. Lengo lilikuwa kubana matumizi. Mimi naona faida nyingine ambayo haimo katika hesabu za bajeti: waziri aliye ndani ya gari la chini hulisikia shimo mgongoni.

Kuna mtu ataniambia, "Fedha ni zake, wewe ni nani?" Ni kweli fedha ni zake, na sehemu yake ndiyo inayonisomesha. Tena nikiri: nikimaliza masomo nikapata mshahara, nami nitalitamani gari kama lile. Sitaki kujifanya mtakatifu. Nataka tu nisiite hamu yangu haja. Hamu inaweza kutoshelezwa na mimi mwenyewe, lakini nikisema haja, nimemtaja na mwenzangu.

Pasaka iliyopita mjomba alikuja kijijini na matairi yenye meno. Alimwomba yule fundi wa Kabale ampeleke kwenye mteremko ule ule akamfundishe. Kisha akaenda kwa mwenyekiti wa chama cha engozi akalipa mchango wa mwaka, kama kaya nyingine yoyote. Nilimuuliza kwa nini alipe wakati sasa anajua kukizungusha kile kitufe. Akanijibu kwamba yeye huwa kijijini siku kumi kwa mwaka, na engozi iko pale siku zote.