Nasibu na Ustadi katika Mashine ya Pinboli

The Addams Family ni mashine ya pinboli iliyotoka Marekani mwaka 1992 kwa chapa ya Bally, ikifuata filamu ya jina hilo ya mwaka 1991. Wabunifu wake, Pat Lawlor na Larry DeMar, waliigeuza nyumba ya familia hiyo ya ajabu kuwa ubao ulioinama, na mashine zaidi ya 20,000 ziliuzwa. Ubunifu wake unaibua swali kongwe la falsafa: jambo likifanywa na mkono wa mtu na nasibu kwa pamoja, sifa au lawama imstahiki mtu huyo kwa kiasi gani?

Mchezaji huvuta kifyatulio, na gololi ya chuma yenye gramu 80 hivi hupanda ubaoni, kisha mteremko huirudisha chini. Kinga ya mchezaji ni vibawa vinavyoendeshwa kwa vitufe vya ubavuni. Anaweza pia kuitikisa mashine, ila kwa kiasi: ndani huning'inia timazi, na mtikiso ukizidi, vibawa huzimika na gololi hupotea.

Juu ya hayo, wabunifu walificha sumaku chini ya ubao. Katika hatua fulani za mchezo sumaku hizo huivuta gololi kombo, na hadithi ya filamu huufanya mvuto huo uonekane kuwa kazi ya mizimu. Hata pigo lililolengwa barabara huweza kuharibika. Kuna pia Thing, mkono usio na mwili: hutoka kisandukuni na kuinyakua gololi, na wakati mwingine mashine hupiga kwa jina lake. Kompyuta huchagua wakati wa kuinua kibawa, na ikikosa, hurekebisha kipimo. Kujisahihisha ni sehemu ya ustadi, lakini hakuna anayeisifu kompyuta, kwa kuwa kupata na kukosa kwake ni mamoja.

Swali hili la nasibu na ustadi liliwahi kufika mbele ya serikali. Katika miaka ya 1940 jiji la New York, chini ya meya Fiorello La Guardia, lilipiga marufuku pinboli kwa hoja kwamba ni kamari. Mwaka 1976 mchezaji Roger Sharpe alicheza mbele ya kamati ya baraza la jiji, akataja njia ambayo gololi ingepita, akavuta kifyatulio, nayo ikapita hapo hapo. Marufuku ikaondolewa. Baadaye Sharpe mwenyewe alikiri kwamba bahati ilikuwa na mchango wake.

Mwaka huohuo wa 1976 wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel walichapisha hoja zao kuhusu bahati katika maadili. Nagel alitoa mfano wa dereva mzembe: mtoto akikatiza barabarani, dereva hulaumiwa kwa kifo, asipokatiza, uzembe ule ule hubaki kosa dogo.

Pigo moja, basi, halithibitishi kitu. Michezo mingi huthibitisha: sumaku na mteremko ni vile vile kwa wote, lakini mahiri huendelea kuwashinda wanagenzi. Kinachostahili sifa ni namna mtu anavyolipokea asilolichagua, wala si tokeo moja moja. Hata hivyo, hoja ya Nagel kuhusu bahati haijaisha. Wepesi wa jicho na nafasi ya kufanya mazoezi navyo ni vya kujaliwa, hivyo sifa ya mchezaji ni ya haki, ingawa haiwezi kuwa yake peke yake.