Kuwasemea Waliokwisha Kufa

Kazi ya kutunga riwaya ya kihistoria ina jambo moja linalonitatiza kila nishikapo kalamu, nalo ni hili: wengi wa watu ninaowaandika wamekwisha kufa. Mtu aliye hai ukimsingizia neno, atakuja mlangoni kwako kudai heshima yake. Marehemu hawezi kuja. Je, ni nani aliyetupa sisi ruhusa ya kumsemea?

Mwanahistoria ana njia ya kujiokoa. Akifika mahali ambapo habari zimekatika, huandika kwamba jambo hilo halijulikani, kisha akaendelea na safari yake. Mtunzi wa riwaya hana njia hiyo. Mhusika wake lazima ale, alale, aogope, amjibu mkewe. Palipo na shimo katika habari, mtunzi hana budi kulifukia, na udongo anaoutumia ni wa kichwani mwake.

Tuchukue Vita vya Maji Maji. Vilianza Umatumbi mwezi Julai 1905, watu walipong'oa pamba waliyokuwa wakilimishwa kwa nguvu, vikaendelea hadi 1907. Gavana wa Kijerumani aliyevizima, Graf von Götzen, aliandika kitabu kizima juu ya vita hivyo, kikatoka mwaka 1909. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyewagawia watu maji ya kuwakinga na risasi, alinyongwa Mohoro mwezi Agosti 1905 bila kuacha hata mstari mmoja wa mkono wake. Miaka zaidi ya sitini ikapita ndipo, mwaka 1968, wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam wakatumwa vijijini kuandika kumbukumbu za wazee waliokuwa bado hai.

Basi tukikataa kubuni kwa kuogopa kuwasingizia wafu, tusidhani kwamba tumewatendea haki. Tutakuwa tumemwachia uwanja yule aliyekuwa na wino na karatasi. Hii ndiyo hoja yangu ya kwanza, na naiona nzito.

Lakini upande wa pili nao una uzito wake. Ebrahim Hussein alipotoa tamthilia yake ya *Kinjeketile* mwaka 1969, alitahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni wa sanaa, asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia. Hata hivyo nimewasikia watu wazima, waliosoma, wakitaja maneno ya jukwaani kana kwamba yalisikika Ngarambe. Kosa si la Hussein. Ndivyo kitu kilichobuniwa vizuri kinavyoweza kumfunika mtu wa kweli, hata asionekane tena.

Kwa sababu hiyo mtunzi anapaswa kujifunga mwenyewe, maana hakuna wa kumfunga. Kifungo cha kwanza ni kazi ya mikono. Kabla ya kuandika ukurasa mmoja wa mwaka 1905, yampasa ajue watu walikula nini mwezi huo, walivaa nini, walilipa kwa sarafu gani. Chukua neno dogo tu, "hela". Limetokana na heller ya Kijerumani, iliyoanzishwa mwaka 1904, 100 kwa rupia moja. Ukimtia mzee wa mwaka 1880 neno hilo kinywani, umemsemesha asichoweza kusema. Ukimpeleka mtoto wa enzi hiyo "shule", umekosea vilevile, kwa kuwa hata neno hilo tulilipata kwa Wajerumani. Msomaji huenda asing'amue. Ila mtunzi aliyezoea kudanganya katika vitu vidogo atashindwaje kudanganya katika vikubwa?

Kazi hii inataka subira. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika habari za Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Kwa Kiswahili, alichokifasiri mwenyewe, kitabu kilitoka mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Miaka 35 alikaa na mswada wake. Sisi tunaolalamika kwamba mchapaji amechelewa miezi sita, tumkumbuke mzee huyo.

Sasa nifike penye mwiba. Askari wengi waliopigana upande wa Wajerumani katika Maji Maji walikuwa Waafrika. Ndio waliotia moto maghala na mashamba, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko risasi. Nilipokuwa nikikusanya habari za kitabu changu, mzee mmoja alinisimulia kwamba babu yake alikuwa miongoni mwao. Alipomaliza alinishika mkono akasema, "Mwanangu, usimtaje. Wajukuu zake wanaishi na wajukuu wa wale aliowachomea." Nikamwuliza, "Na wale waliochomewa, mzee, nani atawataja?" Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Hilo nalo ni kweli. Ila babu hakutusimulia kamwe aliwaza nini siku ile. Wewe utajuaje?"

Swali hilo limenifundisha zaidi ya vitabu vingi. Niliamua hivi. Jina la babu na la kijiji chake sikuyaandika. Nilimtunga askari mwingine, nikampa jina lisilo la mtu. Moto niliuacha uwake. Ghala nililiacha liungue na mtunda wake wote, na mama mwenye ghala nikampa nafasi ya kusema. Yule askari sikumfanya shetani, wala sikumtilia machozi ya majuto ili wajukuu wafurahi. Kumpamba marehemu ni kumsingizia pia, kwani unamnyang'anya tendo lake, na tendo ndilo alilotuachia.

Yawezekana wewe, msomaji, ungeamua vingine. Ungeweza kusema kwamba jina likifichwa, ukweli umefichwa nusu. Sikatai. Lakini naona kuna mambo mawili hapa: lililotendeka, ambalo ni la wote, na la moyoni mwa mtu, ambalo alikwenda nalo kaburini. La kwanza hatuna haki ya kulificha. La pili tunaruhusiwa kulikisia, mradi tulikisie kwa mtu tuliyemtunga wenyewe, ili tukikosea, kosa liwe juu yetu na lisimwangukie mfu asiyeweza kujitetea.