Hesabu ya Mapambo ya Sikukuu na Uaminifu wa Ndugu



Sikukuu ya Epifania, tarehe 6 Januari, ikiisha kupita, matawi yaliyokauka hutolewa kanisani, nyota za karatasi hushushwa, na vitambaa vya madhabahu vya siku ya Krismasi hukunjwa. Hapo ndipo huja swali ambalo sharika nyingi hulikwepa: vitu hivi ni vingapi, navyo vyakaa kwa nani? Aghalabu mwenye kuuliza hujibiwa, "Viko kwa mama fulani, naye ni mtu mwaminifu, mbona wataka kuhesabu?" Jibu hilo lina sura ya upendo. Walakini yatupasa kulipima, maana ndani yake mna neno zito: Je, kumdai ndugu hesabu ni kutomwamini?

Labda mtu atasema kwamba mapambo ni jambo dogo, na kanisa lina kazi zilizo kuu kuliko kuhesabu nyota za karatasi. Ni kweli kwamba Injili yahubiriwa hata chini ya mwembe pasipo pambo lo lote. Lakini ukubwa wa kitu cha usharika haupimwi kwa bei yake tu. Yupo mwanamke aliyeuza pamba yake, akapunguza mahitaji ya nyumba yake, akanunua kitambaa cheupe kwa ajili ya meza ya Bwana. Tukikipoteza kitambaa kile pasipo kujua, hatukupoteza nguo tu. Tumeidharau sadaka, na pamoja nayo aliyeitoa.

Sisi tukaao upande huu wa ziwa tuna mfano karibu nasi. Huko Bujora, karibu na Kisesa, mashariki ya mji wa Mwanza, Padre David Clement, mmisionari wa Kikatoliki kutoka Kanada, alikusanya pamoja na Wasukuma wenyewe vitu vya kale vya nchi: ngoma za watemi, viti vya enzi, na vyombo vya wachezaji. Huko pia, mwezi wa Juni, wakati wa sikukuu ya ndugu zetu Wakatoliki ya Mwili wa Kristo, Bagika na Bagalu hushindana kwa kucheza katika sherehe iitwayo Bulabo. Neno hilo kwa Kisukuma ni maua, kwa sababu ya maua ya kuipamba siku ile. Maua hunyauka upesi, ngoma zikabaki.

Walakini hata ngoma yaweza kunyauka kwa namna yake. Cheo cha watemi kilipokomeshwa katika Tanganyika mwaka 1963, ngoma zao za enzi zilipoteza kazi yake. Ngoma ambayo hapana ajuaye ilitoka katika utemi gani, wala ilipigwa kwa ajili ya nini, yabaki mti na ngozi tu. Bali iliyo na habari zake ni shahidi wa watu waliokwisha kufa. Basi twajifunza kwamba kuhifadhi si kufungia sandukuni. Kuhifadhi ni kukiweka kitu pamoja na habari zake.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mwenye kuyajua Maandiko aweza kutupinga, akisema, "Katika Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 12, hawakuwadai hesabu wale waliowalipa mafundi wa nyumba ya Bwana, kwa kuwa walitenda kwa uaminifu." Ndivyo ilivyo. Lakini na asome pia aya zilizotangulia. Fedha ile, kabla haijatiwa mikononi mwao, ilihesabiwa kwanza na watu wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu. Imani waliyopewa ilifuata hesabu. Haikuchukua mahali pake.

Tena tumtazame Ezra. Vyombo vya hekalu vilipotolewa Babeli, viliandikwa kwa idadi, hata visu 29 vikatajwa, na jumla yake ikawa 5,400. Na Ezra mwenyewe aliposafiri, aliwapimia makuhani 12 fedha na dhahabu na vyombo, kisha akawaambia ya kuwa wao ni watakatifu kwa Bwana, na vyombo navyo ni vitakatifu. Huko Yerusalemu vikapimwa mara ya pili, na uzani wote ukaandikwa. Angalieni: wale aliowaita watakatifu ndio aliowapimia. Hakuona kwamba heshima na mizani ni adui.

Na tufikiri yampatayo mlinzi asiye na daftari. Amevitunza vitu vya kanisa nyumbani mwake miaka mingi, pasipo mshahara. Siku moja kitambaa kimoja hakionekani, na minong'ono yaanza kisimani. Kwa neno gani atajitetea? Au akifa, watoto wake waulizwa, "Kipi ni cha mama yenu na kipi ni cha kanisa?" nao hawajui. Hivyo mtu aliyetumika kwa moyo safi azikwa na jina lenye doa. Wale waliosema, "Tunamwamini, hatuhesabu," hawakumfanyia upendo. Walimwacha pasipo shahidi. Mtume Paulo alipochukua changizo la sharika alitaka watu wengine waende pamoja naye, asije akalaumiwa na mtu. Ikiwa Mtume hakuona aibu, sisi je?

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Basi na tufanye hivi. Daftari moja liandikwe: jina la kitu, idadi, mwaka kilipoingia, aliyekitoa, hali yake, na mahali kilipo. Kila sanduku litiwe namba, na namba hiyo iandikwe daftarini. Masanduku ya bati yawekwe juu ya mawe au mbao, mbali na mchwa na unyevu, na ndani yatiwe majani makavu ya mwarobaini. Watu wawili wahesabu mara mbili kila mwaka: kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, na baada ya Epifania. Kilichoharibika kiandikwe kwamba kimeharibika, kisifichwe.

Neno moja lisisahauliwe. Daftari laweza kugeuzwa kuwa kufuli. Wako walinzi wapendao hesabu kamili hata hawataki kitu kitoke. Nondo wala kitambaa, na mtaa ulio jirani washerehekea Krismasi ukutani pakiwa patupu. Huo si uwakili. Hesabu njema hutupa ujasiri wa kuazima, kwa kuwa twajua kilichokwenda, kwa nani, na siku ya kurudi.

Kwa hiyo, mzee wa usharika, utakapomwendea mama yule na daftari mkononi, usiende kama mkaguzi amtafutaye mwivi. Keti naye, mhesabu pamoja, na majina yenu yote mawili yaandikwe chini ya ukurasa.