MWIZI! MWIZI! WEWE UMESHIKA NINI MKONONI?

Kijana mwenzangu, kwanza usiikunje karatasi hii ukafungia karanga. Isome kijiweni, isome kwenye daladala, ukimaliza ndiyo ufungie. Leo sikuulizi kama unakwenda kanisani. Jibu nalijua. Nakuuliza jambo moja ambalo hata sisi wahubiri tunalipita haraka haraka, nalo ni hili: ukisikia mtaani wanapiga kelele "Mwizi! Mwizi!", miguu yako inakwenda wapi?

Hali yenyewe unaijua. Kelele moja tu, na muuza chipsi anaacha jiko, fundi viatu anaacha kiatu, mwenye bodaboda anaacha abiria. Hakuna anayeuliza ameiba nini. Hakuna anayeuliza amemwibia nani. Dakika kumi baadaye kuna mtu chini, hana shati, na mwingine anatafuta tairi na petroli. Kesho yake gazeti litaandika kwamba ameuawa na "wananchi wenye hasira kali". Jina zuri sana hilo! Wananchi wenye hasira kali hawana sura, hawana mama, hawana anwani. Lakini wewe una mama, na mbele za Mungu una jina.

Jambo hili si dogo katika nchi yetu ya Tanzania. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiliandika katika taarifa zake mwaka hadi mwaka, na katika miaka ya 2010 waliouawa hivyo walihesabiwa kwa mamia kwa mwaka. Wala si wezi peke yao. Mwezi wa 10 mwaka 2016, wilaya ya Chamwino, Dodoma, watafiti wa kilimo waliotoka Arusha walikwenda kuchukua udongo wa kupima. Watu wakasema hawa ni wanyonya damu. Watatu wakauawa, dereva wao akiwa mmojawapo. Walikuwa wanachukua udongo, ndugu yangu. Udongo!

Pengine utasema: "Mwinjilisti, wewe hujaibiwa." Ndugu, huku kwetu nani hajaibiwa? Na mimi sikuja kumtetea mwizi. Mama anayeuza vitumbua, mtaji wake wote umefungwa kwenye pindo la khanga. Kibaka akiukata, usiku ule watoto wanalala njaa, na kesho hakuna unga wa kuanzia. Huo ni uovu. Mungu aliweka wizi katika amri kumi, hakuuona ni jambo la mzaha (Kutoka 20). Mhubiri akikuambia umhurumie mwizi halafu akamsahau yule mama, huyo mhubiri hajui huruma ni nini.

Utasema tena: "Tukimpeleka polisi, kesho tunamwona mtaani." Hapo unasema kweli, na inauma. Rushwa ipo. Lakini nikuulize na mimi. Mara nyingi mtu anaachiwa kwa dhamana, ambayo ni sheria, halafu kesi inakufa kwa sababu hakuna aliyekwenda kutoa ushahidi. Waliompiga walikuwa 200. Waliokwenda mahakamani kusema walichokiona, hakuna hata mmoja! Mkono wa kupiga tunao, mdomo wa kushuhudia hatuna.

Wengine wanapenda kusema Biblia yenyewe imesema jicho kwa jicho, jino kwa jino. Hebu soma vizuri. Neno lile lilikuwa kizuizi. Limesema jicho kwa jicho, halikusema roho ya mtu kwa simu ya mkononi. Soma Kutoka sura ya 22, mwanzo wake. Torati ya Musa, ambayo watu huiogopa kwa ukali, inasema mwizi alipe. Ameiba kondoo akamchinja, atalipa wanne. Ameiba ng'ombe, watano. Hana cha kulipa, atauzwa kwa ajili ya wizi wake. Halafu kuna mstari pale ambao nilipousoma mara ya kwanza nilifunga kitabu nikakaa kimya. Inasema mwizi akikutwa usiku anabomoa nyumba, akapigwa akafa, aliyempiga hana hatia ya damu. Lakini kama jua limekwisha kuchomoza, anayo hatia. Yaani jua likichomoza unamwona, unajua ni nani, unaweza kumkamata. Hapo ukimuua, damu yake iko juu yako. Haya, sasa yule wa stendi saa nane mchana, jua liko wapi?

Na sheria ya nchi haiko mbali na hapo. Kwa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, wizi wa kawaida kifungo chake hakizidi miaka 7. Kuua kwa kukusudia, hukumu yake ni kunyongwa. Kwa hiyo mtu aliyeiba simu, na mtu aliyebeba tofali kumpiga nalo kichwani, mwenye kesi kubwa ni yupi? Jibu mwenyewe.

Nilishuhudia jambo moja kwenye stendi ya daladala Dar es Salaam, na ninalisimulia kwa sababu lilinifundisha kuliko kitabu. Kijana alikwapua mkoba wa mama mmoja, akakamatwa hatua chache tu. Mkoba ukarudi kwa mwenyewe, na hela zote zimo. Yule mama akafungua akahesabu, akaanza kulia na kusema, "Baba zangu mwacheni, nimeshapata changu, mwacheni!" Unafikiri walimwacha? Mmoja alimsukuma yule mama, akamwambia, "Mama, kaa pembeni." Mwenye mali amesamehe, wasio na mali wanapiga! Siku ile nilielewa kwamba lile kundi halikuwa linamtetea mama. Lilikuwa na jambo lake lenyewe.

Jambo gani? Nitakwambia, na usikasirike. Wewe umeibiwa na wengi. Aliyekuahidi kazi akala hela yako ya "fomu", humwoni tena. Tajiri aliyekutumikisha miezi miwili bila mshahara anapita na gari, unampisha njia na shikamoo juu. Baba yako aliyekutelekeza yuko mji mwingine. Hao wote huwawezi. Uchungu umejaa kifuani kama maji kwenye pipa, huna pa kuumwaga. Ghafla anaanguka mbele yako mtu mmoja, mwembamba, amekonda kwa njaa, na umati wote unakwambia huyu unaruhusiwa. Basi unampiga kwa madeni ya watu wengine. Kila jiwe lina jina la mtu ambaye hayuko pale.

Ndivyo walivyofanya hata kwa yule mwanamke aliyeletwa mbele ya Yesu (Yohana 8). Walisema amefumaniwa katika tendo lenyewe. Sasa tendo lile mtu hulifanya peke yake? Mwanamume yuko wapi? Torati ilisema wote wawili (Walawi 20). Walimleta yule waliyemweza. Na Yesu hakubishana nao kama mwanasheria. Aliinama akaandika kwa kidole chini, halafu akawaambia asiyekuwa na dhambi ndiye aanze kurusha. Wakaondoka mmoja mmoja, wakianza wazee. Kijana, umeona hapo? Wazee ndio walioanza kuondoka. Wenye umri mdogo ndio waliobaki na mawe mkononi mpaka mwisho.

Nawe unayesema "mimi sijawahi kupiga mtu, mimi huwa naangalia tu," subiri, barua yako nayo imo. Stefano alipopigwa mawe nje ya mji wa Yerusalemu, wapigaji walivua mavazi yao wakayaweka miguuni pa kijana mmoja aitwaye Sauli (Matendo 7). Biblia inamwita kijana. Hakurusha jiwe. Alitunza nguo tu, ili wenzake warushe vizuri. Lakini Neno linaendelea kusema kwamba aliona vyema auawe. Miaka mingi baadaye, akiwa mtume, akisimama mbele ya watu wa mji uleule, bado anakumbuka zile nguo (Matendo 22). Hazikumtoka akilini. Leo hakuna anayetunza nguo, tunashika simu. Tunapiga video. Mtu anaomba maji, wewe unatafuta mahali pazuri pa kusimama ili sura yake ionekane, kisha unaituma kwenye kundi la WhatsApp kabla hata hajakata roho, na mama yake anaipata huko huko. Zile ni nguo za Sauli, ndugu yangu, ila sasa zina kamera.

Kwa hiyo tufanye nini? Sikutumi ukajitupe katikati ya kundi ukauawe nawe. Kuna hekima. Soma Matendo sura ya 19. Mji wa Efeso ulichafuka, watu wakakimbilia ukumbini, wakapiga kelele kwa muda wa saa mbili, na Biblia inasema wengi wao hawakujua hata kwa nini wamekusanyika. Ni kama sisi kabisa! Aliyewatuliza hakuwa Paulo. Alikuwa karani wa mji, mtu ambaye hatusomi popote kwamba alikuwa ameokoka. Aliwaambia kwa utulivu kwamba kama kuna mwenye shitaka, mahakama zipo na wakubwa wapo. Basi. Watu wakaenda zao.

Nawe unaweza kuwa karani. Uliza kwa sauti kubwa, "Ameiba nini? Mwenye mali yuko wapi?" Hilo swali peke yake hupunguza kasi, maana linawalazimisha watu wafikiri. Kimbia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kwa mjumbe. Piga 112, polisi. Vuta rafiki yako mmoja mkono, mtoe pale. Ukitoa watu watatu, kundi limepungua watu wanne, na wewe ukiwamo. Halafu siku ya kesi nenda ukaseme ulichokiona.

Tena usimsahau mama wa vitumbua. Yesu alipoulizwa jirani ni nani, alisimulia habari za mtu aliyevamiwa na wanyang'anyi katika njia ya kwenda Yeriko (Luka 10). Yule Msamaria hakuwafukuza wanyang'anyi. Alifunga majeraha, akampandisha kwenye mnyama wake, akalipa dinari mbili nyumba ya wageni. Huruma ilimgharimu fedha. Sisi tunatoa ngumi kwa mwizi, lakini aliyeibiwa tunampa "pole" halafu tunaondoka. Mchango wa shilingi mia tano mia tano pale pale stendi ungemrudishia mama mtaji wake. Watu 200 mara 500, piga hesabu. Ni laki moja! Hasira ya bure tumeitoa wote, mia tano imetushinda.

Sasa kuna mtu mwingine anayesoma karatasi hii. Wewe ndiye mwizi. Najua upo, mikutano yetu mnaipenda, watu wakifumba macho kwenye maombi ninyi mnafumbua. (Wapendwa, shikeni mikoba yenu.) Nataka ujue sijakuandikia kwa dharau. Yesu alitundikwa katikati ya wahalifu wawili, na mmoja wao, saa zake za mwisho, alikubali kwamba anastahili adhabu, akaomba akumbukwe. Akapewa zaidi ya alichoomba (Luka 23). Zakayo alikuwa tajiri wa hela za dhuluma, na Yesu aliingia nyumbani kwake kabla hajarudisha hata senti. Chakula kwanza, hesabu baadaye. Lakini hesabu ilikuja! Alirudisha mara nne (Luka 19). Na Paulo, yule yule wa nguo, anamwambia mwizi asiibe tena, afanye kazi kwa mikono yake, ili apate cha kumpa mhitaji (Waefeso 4). Umesikia sababu? Mkono uliokuwa unachukua ujifunze kutoa.

Sikudanganyi, kuokoka hakufuti kesi. Kama unadaiwa na sheria, utadaiwa. Lakini hutakwenda peke yako.

Kama moyo wako umeguswa, awe ni mpiga mawe, mshika simu au mkata mifuko, omba hivi kwa maneno yako au kwa haya yangu: Bwana Yesu, wewe unajua mikono yangu imefanya nini na macho yangu yameangalia nini. Unawajua walioniumiza, majina yao nakuachia wewe. Nisamehe. Nioshe kwa damu yako. Nipe moyo wa kumwona mtu pale wengine wanapoona mwizi, na unipe ujasiri wa kusema. Nakupokea leo. Amina.

Ukimaliza, pita upande wa kulia wa jukwaa baada ya mahubiri, kuna ndugu na dada wamevaa vitambaa vyeupe begani. Hatuandiki jina lako ubaoni, wala hutoi hela. Na kama una kitu cha mtu, simu, mkoba, hata kitambulisho tu, njoo nacho. Usikirudishe peke yako mchana kweupe, unajua kitakachokupata. Tutakwenda wote, wewe, mimi na mjumbe, tukabishe hodi.