Kabla Hamjauza Michungwa

Mjukuu wangu, jana baba yako alikaa na mimi hapa barazani mpaka watu wakalala. Anataka niridhie zile ekari mbili za michungwa zilizo chini ya barabara ziuzwe, upate ada ya kusomea shahada ya ualimu. Sikumjibu. Nilikuwa nimechoka, na neno zito kama hilo halifai kujibiwa usiku na mzee aliyechoka. Leo nimeamka nalo, nami nakuambia wewe kwanza, kwa sababu mzigo wenyewe utaubeba wewe.

Usifikiri nataka kukuzuia. Nilianza kushika chaki mwaka 1976. Nilichukuliwa na cheti changu cha darasa la saba, wakati Azimio la Musoma la 1974 lilikwisha kuamua kwamba kila mtoto aingie shule na walimu wa kuwapokea hawakuwepo. Tulifundishwa ualimu huku tunafundisha. Sikutoa hata senti moja. Serikali ilinipa mafunzo, darasa na mshahara, na nyumba ya udongo nikasaidiwa na wanakijiji. Ndiyo maana watu wakija kwangu kuniuliza kama ualimu unalipa, huwa sijitolei mfano mimi. Zama zangu hazikuwa na ada, hazikuwa na deni, wala hazikuwa na foleni ya kungoja kazi. Mfano wako ni shangazi yako.

Shangazi yako alimaliza shahada mwaka 2016. Mwaka huohuo ajira mpya zikasimamishwa ili wahakikiwe watumishi hewa. Mtoto wa watu alikuwa amevaa joho, tumechinja mbuzi, majirani wote wanamwita mwalimu, kisha akakaa. Akapata shule moja ya binafsi, wakamwahidi laki tatu kwa mwezi, na miezi mingine hawakumpa chochote. Nauli ya kwenda kazini tulikuwa tunampa sisi. Alipangiwa kituo mwaka 2021. Hiyo ni miaka mitano, na deni lake la Bodi ya Mikopo lilikuwa halilali: ilikuwepo tozo ya asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, na adhabu ya asilimia 10 kwa aliyechelewa kuanza kulipa. Zote mbili zilifutwa mwaka huo wa 2021, lakini kabla ya hapo zilikwisha kumlia.

Alipopata mshahara wa kwanza alikuja na hati yake ya mshahara, tukakaa hapahapa ulipokaa. Mwenye shahada alikuwa anaanza na ngazi ya mshahara ya TGTS D, shilingi 716,000 kwa mwezi. Nisikilize sasa, chukua na kalamu. Mfuko wa hifadhi, asilimia 5, ni 35,800. Kodi ya mapato 52,040. Bima ya afya, asilimia 3, ni 21,480. Chama cha walimu, asilimia 2, ni 14,320. Halafu Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara mzima, 107,400. Jumla ya makato ni 231,040. Alichoshika mkononi ni 484,960.

Mwenzake wa shuleni hapo alikuwa na stashahada, TGTS C, 530,000, hana deni la Bodi. Makato yake yote hayakufika 72,000, akashika 458,320. Unaona ninachokuonyesha? Kwenye barua ya ajira wamepishana kwa 186,000. Kwenye mfuko wamepishana kwa 26,640, ambazo ni unga na mafuta ya kula. Shangazi yako alilia siku ile, akasema miaka yangu mitatu ya chuo imekwenda wapi.

Nikamwambia imekwenda kulipa deni, na deni lina mwisho. Mwenye deni la milioni 9 akikatwa 107,400 kwa mwezi analimaliza kwa miezi 84, yaani miaka saba. Mwaka wa nane yeye atashika 592,000 na zaidi kidogo, hata kama hataongezwa kitu, na yule mwenzake yuko palepale. Tangu hapo ngazi za mishahara zimepanda, mwaka 2022 na baada yake, lakini makato bado yanakwenda kwa asilimia, kwa hiyo mtiririko wa hesabu haujabadilika. Mtu anayeanza kazi na miaka 25 na kustaafu na 60 ana miaka mingi ya kuifaidi shahada yake. Kwa mwenye subira, inalipa. Hilo nalisema bila kusitasita, maana nimewaona wenzangu wa UPE, mpango ule wa kila mtoto aingie shule, waliojiendeleza kupitia Chuo Kikuu Huria wakiwa kazini, na nimeona tofauti ya nyumba zao na zetu sisi tuliobweteka.

Kinachoua ni kungoja. Mwanzoni mwa 2025 walimu waliitwa kwenye usaili, nafasi zilikuwa 14,648 na walioomba walizidi 200,000. Karibu watu 14 kwa kiti kimoja. Wote hao wana vyeti, wengi wana shahada, wamo waliomaliza miaka mingi kabla ya wewe kujua kusoma. Zamani mtu akimaliza chuo alikuwa anasubiri jina lake kwenye orodha ya vituo. Sasa ni kuomba kwenye mtandao, kufanya mtihani, kuhojiwa, na kurudi nyumbani kusubiri tena. Nawe umesoma HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, mjukuu wangu. Historia na Kiswahili nayapenda, nimeyafundisha, ila foleni ya masomo hayo ndiyo ndefu kuliko zote. Wa fizikia na hisabati wanatafutwa. Kama ungekuwa bado kidato cha nne ningekwambia maneno mengine, lakini maji yamekwisha kumwagika, tuseme ya leo.

Basi rudi kwenye michungwa. Baba yako anahesabu ada ya miaka mitatu, na chakula, na chumba, anaona bei ya ekari mbili inatosha. Kweli inatosha. Lakini anahesabu mpaka siku ya joho. Hajahesabu siku ya pili yake. Ukirudi na cheti na shamba halipo, utakula nini miaka hiyo miwili, mitatu, mitano? Shangazi yako aliishi kwa machungwa ya shamba hilohilo. Wanunuzi wakija na malori yao kutoka Kenya, sehemu ya fedha ilikuwa nauli yake, sabuni yake na vocha ya kuomba kazi. Asingekuwa na ile michungwa nyuma yake angekwisha kuingia kwenye mikopo ya kausha damu kama wenzake wawili ninaowafahamu, ambao wameajiriwa sasa na kila mwisho wa mwezi wanabakiwa na ile theluthi moja ya mshahara ambayo sheria inakataza isiguswe.

Kwa hiyo jibu langu kwa baba yako ni hapana, na jibu langu kwako ni nenda. Nenda kwa mkopo. Omba chuo cha umma, maana ada yake ni ya chini. Bumu, ile pesa ya kujikimu ya Bodi, likiingia, elfu kumi kwa siku, usile kama mtu anayepewa zawadi: kila noti utairudisha, na itarudishwa na mwalimu mwenye watoto. Ukikosa mkopo mwaka huu, chukua stashahada, ada yake tutaibeba kwa mavuno bila kukata mti, na shahada utaisomea ukiwa kazini. Katika mwaka wa kwanza jifunze na kitu cha pili cha mikono yako, kubebesha miche ya michungwa nitakufundisha mwenyewe likizo ya kwanza. Mche wa kubebesha huzaa mwaka wa tatu au wa nne, karibu sawa na shahada yako.

Na ukipangiwa kijijini, usilie kuhamishiwa mjini. Hizo laki nne na ushei za shangazi yako zilimlea yeye na watoto wawili kijijini, na akanunua kiwanja. Mjini zingekwisha kwa kodi ya nyumba na daladala. Watoto wa huko, wale wanaokuja peku asubuhi ya umande, ndio walionifanya nibaki kazini siku nilizotaka kuacha. Hilo sikuliweka kwenye hesabu kwa sababu halikatwi kodi wala haliwezi kulipa deni, lakini ujue lipo.

Baba yako nitazungumza naye mimi. Wewe usibishane naye, ana uchungu wa mzazi. Cheti chako cha kuzaliwa bado hakijahakikiwa na RITA, na bila hicho Bodi haitapokea maombi yako. Anza nacho kesho asubuhi.