Homa Aliyoificha Mjomba

Je, mgonjwa ana haki ya kuficha maumivu yake ili asiwagharimu jamaa zake? Swali hili sikulisoma kitabuni. Nililikuta Msambweni, barazani kwa mjomba wangu, siku ya tisa baada ya kemo yake ya pili ya saratani ya mapafu.

Alikuwa amejifunika shuka mchana wa jua kali. "Ni upepo wa kusi tu, mjomba," akaniambia. Nikamgusa paji la uso: moto. Daktari alikuwa ametuonya kwamba kemo hupunguza chembe nyeupe za damu, kwa hiyo homa ikifika digrii 38 si ya kungoja asubuhi. Usiku wa kwanza aliinyamazia. Wa pili pia.

Gharama ya saratani tunayoizungumza ni ile yenye risiti. SHA ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kikomo cha saratani kilikuwa shilingi 550,000 kwa kaya kwa mwaka, na watu wakabishana kama zinatosha. Lakini madhara ya dawa yana hesabu yake ya pembeni. Feri ya Likoni ni bure kwa anayetembea, ila anayetapika huku akihema hatembei. Basi ni teksi kutoka nyumbani hadi Mombasa. Dawa ya kichefuchefu huisha kabla ya kichefuchefu. Vidonda vya mdomo havitaki ugali, vinataka maziwa na uji mwepesi. Binamu yangu aliacha zamu zake za hoteli Diani, msimu wa wageni, ili amshikie babake beseni. Hilo nani atalitolea risiti?

Mjomba aliijua hesabu hii kwa sababu tuliipiga mbele yake. Kilichobaki kuuzwa ni minazi. Na hapa niseme linaloniaibisha: kwa mila ya zamani ya Wadigo, mpwa ndiye humrithi mjomba. Minazi ile mzee aliihesabu yangu. Alipokataa kuiuza, sehemu ya moyo wangu ilishukuru.

Wapo watakaosema alificha kwa upendo, na mwenye upendo ana haki ya kujitolea. Nakubali nusu. Mtu mzima anaweza kukataa dawa akijua anachokataa. Lakini yeye hakukataa dawa. Alitunyima sisi kujua. Alituamulia kwamba minazi ina thamani kumshinda, na sisi tulishamwambia hivyo bila kutamka, kila tulipotoa simu kupiga mahesabu. Wala hakuokoa kitu: alilazwa siku sita, na kemo ya tatu ikaahirishwa.

Kwa hiyo siulizi tena kama alikosea. Nauliza kwa nini kusema "naumwa" kuwe sawa na kuomba. Madhara haya si ajali. Daktari huyataja kabla ya dripu ya kwanza. Basi na pesa zake zitengwe kabla, pamoja na za dawa yenyewe.

Tuliuza minazi minne. Pesa tukazitia kwenye kopo la maziwa kando ya kitanda chake, pamoja na kipimajoto na namba ya jirani mwenye gari.

"Hizi si za kuomba, mjomba," nikamwambia. "Ni zako."

Baada ya kemo ya tatu, saa nane usiku, simu yangu ililia.

"Mjomba, ni 38 na nukta mbili. Gari nishaita."